Uzi: Fedha na vioo vya mvinyo vya enzi za akina George (1714–1830), jinsi ya kuvikagua usipigwe

Mfuafedha (#1)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaokusanya, au wanaotaka kuanza kukusanya, vyombo vya Kiingereza vya kuandalia mvinyo vya enzi za wafalme wanne walioitwa George, kuanzia 1714 hadi 1830. Yaani faneli, lebo za kuning'iniza shingoni mwa chupa, visahani vya kusimamishia chupa mezani, dekanta (chupa za kioo ambamo mvinyo humiminwa kabla ya kunywewa), bilauri na vizibuo.

Maswali mengi huanza na picha ya mihuri, zile alama ndogo za ofisi ya ukaguzi na za mfuaji zilizogongwa kwenye fedha: "Hii ni ya mwaka gani?" Mihuri ina kazi yake, lakini isome mwisho. Anza na chombo chenyewe. Kinafanyaje kazi, kina vipande vingapi, kipande gani huharibika kwanza, na mfuaji alitakiwa kugongewa mihuri sehemu gani. Ukishayajua hayo, mihuri inakuja kuthibitisha au kukanusha. Ukianza na mihuri, utanunua mihuri mizuri iliyobebwa na chombo kibovu.

Tuanze na faneli. Ishike mkononi uitenganishe. Faneli kamili ya miaka ya 1770 hadi 1820 ina vipande viwili au vitatu. Juu kuna bakuli lenye kichujio cha matundu, chini kuna mrija unaochomekwa kwenye bakuli, na nyingi zilikuja na pete nyembamba ya fedha ya kubana kitambaa cha melimeli katikati. Pete hiyo ndiyo hupotea kwanza, kwa hiyo faneli iliyobaki nayo ina bei yake. Ncha ya mrija imepinda upande mmoja, na haikupindwa kwa urembo. Mvinyo unaelekezwa kwenye ukuta wa ndani wa dekanta, unateremka kama utando mwembamba, haupigi chini ukatoa povu, na anayemimina anayaona mashapo mara tu yanapoanza kupita. Baadhi ya mirija ina mbavu kwa nje ili hewa ipate njia ya kutoka shingoni huku mvinyo ukiingia.

Bakuli hubeba seti nzima ya mihuri, kwa kawaida nje karibu na ukingo. Mrija nao utakiwe kuwa na angalau muhuri wa simba, alama ya ubora wa fedha, na herufi za mfuaji. Ukikuta bakuli la London lina mrija usio na muhuri wowote, au wenye herufi za mtu mwingine, hapo umeshika vipande vya faneli mbili.

ChupaYaTatu (#2)

Asante mkuu. Kwenye minada ya mtandaoni naona faneli nyingi zenye mrija ulionyooka hadi mwisho. Zote zimekatwa, au kuna zilizotengenezwa hivyo? Na kama imekatwa, si fundi anaweza kuirudishia ncha?

Mfuafedha (#3)

Zipo ndogo zilizotengenezwa na mrija ulionyooka, kwa pombe kali au manukato. Hizo ni ndogo kila upande, bakuli pamoja na mrija. Faneli ya mvinyo ya kawaida ina urefu wa sentimita 12 hadi 15. Bakuli likiwa pana kama la mvinyo halafu urefu wote ni sentimita 10, jiulize mrija uliishia wapi.

Chukua lenzi ya sonara ya mara 10 utazame mdomo wa mrija. Mrija halali hushuka ukipungua taratibu, unapinda, halafu unaishia kimshazari, na ukingo wake umelainishwa na miaka ya kufutwa. Uliokatwa unaishia wima na mdomo mpana, na ukingo una kona kali au mikwaruzo ya tupa inayokwenda upande mmoja. Sababu ya kukatwa kwa kawaida ni ncha kuchanika: fedha ya pale ni nyembamba, na watu huichomeka kwa nguvu kwenye shingo finyu.

Kuhusu fundi, kuwa mwangalifu. Uingereza, chini ya Hallmarking Act ya 1973, kukiongezea au kukibadilisha chombo chenye mihuri bila ridhaa ya ofisi ya ukaguzi ni kosa. Kunyoosha mbonyeo au kulehemu ufa ni ukarabati. Kuunga ncha mpya ya fedha ni nyongeza. Mimi ningeinunua iliyokatwa kwa bei ya iliyokatwa, niiache hivyo.

HerufiNdogo (#4)

Naongezea mihuri, maana hapa ndipo watu hukosea miaka 40 kwa herufi moja.

Seti ya London ina simba anayetembea (fedha ya asilimia 92.5), kichwa cha chui (mji), herufi ya mwaka, na herufi za mfuaji. Kuanzia 1 Desemba 1784 kinaongezeka kichwa cha mfalme, ushahidi kwamba kodi imelipwa, na kikaendelea hadi 1890. Hadi 1786 kichwa hicho kimedidimia ndani ya fedha na kinatazama kushoto. Baada ya hapo kimeinuka na kinatazama kulia. Kichwa cha chui kina taji hadi 1821, kisha taji linaondoka. Kuhusu miji mingine, nanga ni Birmingham na taji ni Sheffield, na ofisi hizo mbili zilianza 1773. Ngome ni Edinburgh. Kinubi chenye taji ni Dublin.

London ilitumia herufi 20 kwa kila mzunguko, ikiruka J na zote zinazofuata baada ya U. Mzunguko wa 1736 ni herufi ndogo za kirumi. Wa 1776 ni herufi ndogo za kirumi tena. Wa 1816 pia. Kwa hiyo "c" ndogo inaweza kuwa 1738, 1778 au 1818. Unaitofautisha hivi: ikiwa na kichwa cha mfalme ni 1818, hakuna mjadala. Ikiwa haina, imebaki 1738 au 1778, na hapo umbo la ngao inayozunguka herufi, jina la mfuaji na mtindo wa chombo ndivyo vinavyoamua. Kisahani cha chupa chenye "c" na kisicho na kichwa cha mfalme ni cha 1778, kwa sababu visahani hivyo vilianza kuenea miaka ya 1760. Mnaona kwamba tumerudi kwenye chombo, kama alivyosema mleta uzi.

Kumbuka pia herufi ilibadilishwa mwishoni mwa Mei, si Januari. "c" ya 1778 inaingia hadi Mei 1779.

Mfuafedha (#5)

Umenena vyema mkuu. Kuna na mihuri halali iliyowekwa mahali pasipo pake: imekatwa kwenye kijiko kilichovunjika ikalehemewa chini ya chombo kingine. Wafuaji wenyewe walifanya ujanja wa aina hii kati ya 1720 na 1758, wakikwepa kodi ya peni 6 kwa kila aunsi. Waghushi wa baadaye walifanya ili kuuza. Pumua juu ya fedha safi, kama unavyopumulia kioo cha miwani. Mvuke haupotei sawasawa juu ya lehemu na juu ya fedha, kwa hiyo kwa sekunde moja au mbili utauona mstari unaozunguka mihuri, duara au mstatili. Ukiuona, rudisha chombo mezani.

Mihuri iliyokopiwa kwa kumiminwa kwenye kalibu inajulikana kwa lenzi. Kingo zake ni butu na ndani kuna vitundu vidogo vya hewa. Muhuri uliogongwa kwa nyundo una kuta zilizosimama. Na vikiwa ni jozi, linganisha mihuri ya chombo cha kwanza na cha pili. Mkono wa mtu haugongi mara mbili mahali palepale, kwa hiyo nafasi kati ya simba na chui ikifanana kabisa kwenye vyombo vyote viwili, kimoja ni mtoto wa kingine.

LeboYaMadeira (#6)

Lebo ndizo mlango mzuri kwa asiye na fedha nyingi, na ndizo zenye mitego midogomidogo mingi. Zilianza miaka ya 1730, zikining'inia kwa mnyororo shingoni mwa dekanta ili ijulikane kilichomo ndani. Upana wa kawaida ni sentimita 4 hadi 5. Umbo la ngao yenye mapindo ndilo la mwanzo. Baadaye kukaja mwezi mchanga, mstatili, duaradufu, majani ya mzabibu na herufi moja moja.

Wageni huzikataa lebo nzuri kwa sababu "hazina mihuri kamili". Sheria ya kabla ya 1790 iliviachia vyombo vidogo vya chini ya penniweiti 10, ambazo ni gramu 15.5. Lebo ya miaka ya 1750 yenye herufi za mfuaji tu, au herufi na simba, iko sawasawa. Sheria ya 1790 ndiyo iliyozitaja lebo za chupa kwa jina kwamba lazima zikaguliwe. Kwa hiyo lebo ya 1800 isiyo na seti kamili ndiyo ya kutilia shaka.

Kuhusu majina, MADEIRA, PORT, SHERRY na CLARET ni ya kawaida. LISBON bado unaipata. VIDONIA, mvinyo wa visiwa vya Canary, na CALCAVELLA ya Ureno ni haba zaidi. MOUNTAIN ulikuwa mvinyo wa Malaga. Jina adimu linapandisha bei mara kadhaa, na ndiyo maana kuna lebo za PORT zilizokwanguliwa zikachongwa jina jingine. Bana lebo kati ya kidole gumba na cha shahada, utembeze kutoka ukingoni hadi katikati. Ikikwanguliwa, katikati inakuwa nyembamba na hata inabonyea. Kisha tazama herufi. Uso wa lebo ukiwa umelika na nakshi ya pembeni imefifia, halafu herufi za jina zina kona kali za kukata kidole, hizo hazikuzaliwa siku moja.

Lebo iwe na mkunjo kidogo kufuata mwili wa dekanta. Iliyo bapa kabisa huenda ilinyooshwa, au ilikuwa kitu kingine. Zipo zilizokatwa kutoka bakuli la kijiko, na mihuri yake inakaa kombo au imekatwa nusu. Mnyororo kubadilishwa ni jambo la kawaida na halinisumbui, mradi tundu zenyewe hazijachanika.

Na jina la Hester Bateman linauzwa kuliko fedha yenyewe. Alisajili muhuri wake 1761, akastaafu 1790, na karakana yake ilitoa kazi safi. Lakini lebo ya ubora uleule ya Sandylands Drinkwater, aliyefanya kazi hii mapema zaidi, au ya Phipps na Robinson, mara nyingi unaipata kwa bei ya chini. Nunua kazi, si jina.

ChupaYaTatu (#7)

Zilikoma lini?

LeboYaMadeira (#8)

Hazikukoma ghafla. Single Bottle Act ya 1861 iliwaruhusu wenye maduka kuuza mvinyo kwa chupa moja moja, chupa zikawa na lebo za karatasi, na hitaji la lebo ya fedha likapungua. Baada ya hapo nyingi ni za mapambo. Anayetaka kuzama zaidi, kuna Wine Label Circle, chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa 1952.

MtiNaFedha (#9)

Visahani vya chupa. Ukuta wa fedha, kitako cha mti, mara nyingi mahogani, na chini ya mti kitambaa cha kijani ili kiteleze juu ya meza bila kuikwaruza. Kipenyo ni sentimita 12 hadi 13 hivi. Katikati ya mti kuna kifungo cha fedha kwa ajili ya nembo ya familia. Viliuzwa kwa jozi, na jozi ina thamani kubwa kuliko kimoja mara mbili.

Mihuri hutafutwa kwenye ukingo wa chini, pale fedha inapokunjwa kushika mti, na wakati mwingine imefichwa nusu na mti wenyewe. Vile vya mwanzo vina ukuta uliotobolewa kwa msumeno mwembamba. Kishike juu ya taa na uzungushe polepole: daraja nyembamba kati ya tundu na tundu ndizo hukatika, na lehemu ya zamani inaonekana kama tone la rangi ya kijivu. Pitisha na kitambaa cha pamba. Kikinasa, pamekatika.

Mti ukikauka hupungua, na kisahani kinaanza kulia ukikitikisa. Hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni mtu kukitumbukiza kwenye maji. Mti unavimba, unasukuma ukuta nje, na ukingo uliokunjwa unafunguka. Kisafishe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukifunika mti kwa karatasi ya gundi.

HerufiNdogo (#10)

Na vile vya Sheffield?

MtiNaFedha (#11)

Sheffield ya zamani ni shaba nyekundu iliyounganishwa na bamba la fedha kwa moto, ugunduzi wa Thomas Boulsover mapema miaka ya 1740. Chombo kinafuliwa baada ya kuunganishwa, kwa hiyo utaona mambo ambayo hayapo kwenye vyombo vilivyochovywa kwa umeme baada ya 1840, mwaka wa hataza ya Elkington. Kwanza, mshono. Chombo cha duara lazima kiwe na mahali bamba lilipokutana, umefichwa lakini upo. Pili, ukingo. Shaba ingeonekana pale bamba lilipokatwa, kwa hiyo waliuzungushia waya wa fedha au kuukunja. Pitisha ukucha chini ya ukingo utausikia. Tatu, nembo. Ukichonga kwenye Sheffield unafika shaba, kwa hiyo waliweka kipande cha fedha safi mahali pa nembo. Pumua juu yake na kipande kinajitokeza.

Shaba ikichungulia kwenye nundu ni uzee wa halali. Usipeleke ikachovywe upya. Ule weupe mkali wa umeme unaua rangi laini yenye ubuluu kidogo ambayo ndiyo uzuri wa Sheffield, na thamani inaondoka nayo.

BiKioo (#12)

Niingie upande wa vioo. Bilauri ya mvinyo ya karne ya 18 ni ndogo. Watafiti wa Cambridge walipima mwaka 2017 wakapata wastani wa mililita 66 kwa bilauri za miaka ya 1700, dhidi ya 449 za siku hizi. Ukiuziwa "bilauri ya mvinyo ya 1750" inayoingia robo lita, hiyo ni ya kazi nyingine au ya karne nyingine.

Kioo chenyewe kina risasi, namaanisha yale madini, kufuatia hataza ya George Ravenscroft ya 1674. Ni kizito, kina rangi ya kijivu kidogo ukikiweka juu ya karatasi nyeupe, na kinalia kwa mlio mrefu ukikigonga kwa ukucha.

Umri unausoma kwenye shina. Shina nene lenye vinundu ni la hadi 1730 hivi. La mapindo ya hewa ndani, yanayoonekana kama nyuzi za fedha zinazozunguka, ni kama 1745 hadi 1765. La nyuzi nyeupe kama maziwa ni 1755 hadi 1780. Lililokatwa pande pande kama almasi ni kuanzia 1760 hivi hadi mwisho wa karne. Watu hupenda kusema kodi ya kioo ya 1745, iliyotozwa kwa uzito, ndiyo iliyoleta mashina membamba. Ilisukuma, lakini mtindo ulikuwa umeshaanza kuwa mwepesi kabla ya hapo.

Sasa kitako, na hapa ndipo muda wenu uende. Igeuze bilauri chini juu, uielekeze kwenye dirisha. Kitako cha asili ni kipana kuliko mdomo wa kikombe, au angalau sawa nao, na katikati kimeinuka kama pia. Katikati kabisa kuna kovu pale kioo kilipobanduliwa kutoka fimbo ya chuma iliyokishika kikitengenezwa: ukigusa linakwaruza. Kwenye vioo vya mwisho wa karne hiyo kovu hung'arishwa likawa kidimbwi laini. Vitako vingi vya kabla ya 1750 vina ukingo uliokunjwa chini, kama upindo wa kanga. Kisha tafuta mikwaruzo. Kioo kimesimama mezani miaka 250, kimesukumwa kila upande, kwa hiyo mikwaruzo iko tu kwenye duara jembamba linalogusa meza, na inakwenda pande zote bila mpango. Ya bandia imefanywa kwa msasa. Mistari inakwenda sambamba, na mara nyingi imefika hata pale kitako kisipogusa meza kabisa.

Kitako kikiwa chembamba kuliko mdomo, kuna uwezekano kilimeguka kikasagwa. Vivyo hivyo mdomo. Wa asili umelainishwa kwa moto na ni wa mviringo. Uliosagwa ni bapa au una kona, na midomo yako itaisikia kabla ya macho.

TaaYaZambarau (#13)

Bi Kioo, hujataja taa ya urujuanimno (UV). Kioo cha risasi kinang'aa buluu-zambarau, kioo cha soda kinang'aa kijani-manjano. Dakika moja umemaliza.

BiKioo (#14)

Sikuitaja kwa makusudi, kaka. Taa inakwambia kioo kina risasi. Haikwambii ni cha lini. Nakala za mwanzo wa karne ya 20 zilitengenezwa kwa kioo cha risasi pia, na zinang'aa vizuri tu. Itumie kukataa: ikiwaka kijani-manjano, huenda ni ya bara la Ulaya. Kukubali, rudi kwenye kitako. Nakshi nazo taa haizisomi. Waridi na chipukizi, alama ya wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart ulioondolewa madarakani, lilichongwa baadaye kwenye bilauri halali zisizo na nakshi, kwa sababu yenye waridi inauzwa ghali zaidi. Kioo ni cha 1750, waridi si la 1750.

TaaYaZambarau (#15)

Hapo nakubali. Nitaiita chujio la kwanza.

ChupaYaTatu (#16)

Dekanta zenye ukungu ndani, je? Wauzaji huandika "inahitaji kuoshwa tu".

BiKioo (#17)

Ingekuwa kuoshwa tu, wangeiosha. Mimina maji ndani, zungusha, tazama. Ukungu ukipotea dekanta ikiwa imelowa na kurudi ikikauka, kioo chenyewe kimelika na hakuna sabuni itakayokirudisha. Kuna wataalamu wanaosugua ndani kwa mashine na kung'arisha upya, kwa gharama. Ukungu ukionekana vilevile hata ndani ya maji, huenda ni chokaa au masalio ya mvinyo: siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu, saa 12, halafu suuza mara kadhaa. Kwa madoa sugu tumia zile punje ndogo za chuma za kusafishia dekanta. Usitie mchanga, unakwaruza.

Kizibo: dekanta nyingi za mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa ya 19 zina namba iliyokwaruzwa kwenye mguu wa kizibo na namba hiyohiyo kwenye shingo. Namba zikipishana, kizibo ni cha dekanta nyingine. Hata zikilingana, kichomeke ukizungushe: kinachofaa kinakaa imara bila kucheza. Pete tatu shingoni na kizibo cha mtindo wa uyoga ni mtindo wa 1790 hadi 1820 hivi. Pete zikiwa na chembe zilizomeguka, bei ishuke.

Na usihifadhi mvinyo humo. Kuandaa kwa chakula cha jioni hakuna shida, lakini ukiuacha wiki, risasi inaingia kwenye mvinyo.

Mfuafedha (#18)

Kwa anayetaka kuvitumia vyote pamoja: simamisha chupa wima saa 24 ili mashapo yatulie. Kitambaa cha melimeli kichemshwe kwa maji matupu bila sabuni, kikamuliwe, kibanwe na pete. Weka mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, mimina kwa mwendo mmoja bila kusimama, na mashapo yakifika begani mwa chupa, acha. Utabakiza mililita 30 hadi 50. Usizikamue.

KizibuoCha1795 (#19)

Vizibuo kwa ufupi. Hataza ya kwanza ya Kiingereza ni ya mchungaji Samuel Henshall, 1795. Alama yake ni kisahani kidogo juu ya parafujo: kikigusa kizibo kinakibana na kukizungusha, gundi kati ya kizibo na kioo inaachia. Vingine vina maneno OBSTANDO PROMOVES kwenye kisahani. Edward Thomason alipata hataza 1802 ya chenye silinda ya shaba. Unaendelea kuzungusha upande uleule na kizibo kinapanda chenyewe.

Tazama ncha ya parafujo. Iwe kali. Ncha iliyovunjika hunolewa upya na parafujo inakuwa fupi, haifiki kina cha kizibo tena. Brashi kwenye mpini ilikuwa ya kufagia vumbi na lakiri mdomoni mwa chupa. Nyingi zimenyonyoka, na brashi mpya haipunguzi sana.

LeboYaMadeira (#20)

Msisahau upawa wa panchi, kinywaji cha pombe kilichochanganywa. Bakuli la baadhi yake lilifuliwa kutoka sarafu ya fedha, na kwenye ukingo bado unasoma maneno ya ukingo wa sarafu ile, DECUS ET TUTAMEN, yamenyooshwa. Nyingi hazina mihuri na si kosa. Mpini mweusi uliosokotwa mara nyingi ni mfupa laini wa kinywa cha nyangumi, na nyangumi wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kabla ya kuuvusha mpaka, pata kibali, la sivyo utakamatwa forodhani.

PwaniKavu (#21)

Shikamooni wakuu. Kwa tuliopo Mombasa, hewa ya chumvi inatia fedha weusi kwa muda mfupi. Nizihifadhi vipi? Na je, dawa ya kuchovya inafaa?

MtiNaFedha (#22)

Marahaba. Dawa ya kuchovya usiitumie. Inatoa weusi hata ndani ya michongo, nakshi inabaki kama imechorwa kwa penseli, na uso unabaki umefifia. Sabuni laini, maji ya uvuguvugu, kausha papo hapo kwa pamba, na povu la kusafishia fedha mara mbili kwa mwaka tu. Usisugue mihuri, kila msuguo unaondoa fedha. Funga kila kipande kwa karatasi isiyo na asidi, ndani ya mfuko wa kufungika, pamoja na pakiti za silika za kufyonza unyevu, na uzikaushe zikijaa. Usitumie magazeti, sufu wala mpira wa kufungia. Mpira una salfa na huacha mstari mweusi hata kupitia karatasi. Chumvi ya mezani ikidondoka, futa usiku uleule. Inachimba vidimbwi visivyotoka.

Vioo usivifunge kwenye plastiki, viache vipumue kabatini. Dekanta zikae bila kizibo.

Na kwa unaoagiza kutoka nje: vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 vina kifungu chake cha forodha, 97.06. Wakala aandike hicho, na ankara itaje umri, ili visihesabiwe kama vyombo vya mezani vya kawaida.

PwaniKavu (#23)

Shukrani sana. La mwisho: dekanta ikifika na kizibo kimenasa?

BiKioo (#24)

Usitumie koleo, na usikaze kwa nguvu ya mkono. Matone 2 au 3 ya gliserini kuzunguka mshono, inamisha kidogo yaingie, acha usiku kucha. Asubuhi funga shingo kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa nusu dakika, ili shingo ipanuke kabla ya kizibo. Halafu gonga kizibo polepole kwa mpini wa mbao, upande huu na upande wa pili, huku ukijaribu kukizungusha. Kisipoachia, rudia gliserini. Inaweza kuchukua siku 4 au 5. Kikitoka, osha gliserini yote kwa sabuni, simamisha dekanta kichwa chini hadi ikauke kabisa, na kizibo kikae kando kwenye karatasi yenye namba yake.